Dawa ya Mama Mkwe

Jumapili ya wageni, fundi friji alisimama nje ya geti robo saa nzima, shati amechomekea, mkononi ameshika mfuko wa machungwa kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Msimamizi wa nyumba alimchungulia dirishani mara mbili. Mara ya tatu akatoka.

"Shemeji, unaingia au unatulindia geti?"

"Naingia, mama."

"Basi ingia. Gari haliondoki na mtu kasimama mlangoni."

Huyu mama alikuwa kondakta wa mabasi ya masafa marefu kwa miaka kumi na minne, na katika hiyo, kumi na mitatu alikuwa mlevi. Alipoacha pombe aliacha na basi, lakini maneno ya basi yalibaki mdomoni, na jina la Kondakta likamganda. Nyumba aliyoisimamia ilikuwa na wanawake tisa waliokwishamaliza miezi sita ya matibabu katika kituo cha jirani. Hapa walikuwa wanajifunza kuishi upya. Waliamka alfajiri, kila mmoja akasali kwa dini yake, wengine kwa magoti, wengine kwenye mikeka, kisha wakakaa duara sebuleni na kila mmoja akasema jambo moja la kweli kuhusu siku yake ya jana. Ndipo walipotoka kwenda vibarua. Saa kumi na mbili jioni wote wawe wamerudi. Hakuna pombe, hakuna kidonge, hakuna siri.

Mke wa fundi alikuwa na mwezi wa nane tangu aache. Wenzake walimwita Nesi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya mpaka siku ambayo matroni alimkuta na vichupa vitatu vya dawa ya maumivu mfukoni mwa sare. Kwa mwaka mzima alikuwa akiwachoma wagonjwa waliotoka upasuaji nusu ya kipimo, na nusu iliyobaki akijichoma mwenyewe chooni. Hilo alilisema kwenye duara wiki ya kwanza, na tangu hapo hakuwahi kulisema bila sauti kumkauka.

Fundi alikaa ukingoni mwa kochi, machungwa mapajani.

"Mama ameanguka bafuni," alisema. "Nyonga imevunjika. Wamempasua, wamemtia chuma, juzi wamemruhusu. Sasa mchana hana mtu. Mimi nikishinda nyumbani hatuli. Dada yangu anapata nafasi Jumamosi tu. Nilitafuta msichana wa kazi, mama kamtimua siku ya pili, eti chai yake ni maji ya kuoshea vikombe."

"Amekubali nije mimi?" Nesi aliuliza.

Fundi akayaangalia machungwa. "Hajakataa."

"Baba Chiriku, sema kweli. Humu ndani tunasema kweli."

"Amesema afadhali wewe kuliko kujichafulia kitandani."

Kondakta alicheka hadi mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikakatika. "Wamempa dawa gani?"

Fundi akaitaja. Wanawake wawili waliokuwa wakipiga pasi kwenye kona waliacha pasi hewani.

"Ile ya maji?" Nesi aliuliza. "Chupa kubwa au ndogo?"

Swali lilimtoka kabla hajalishika. Mumewe alitazama sakafu.

"Umejisikia ulichouliza?" Kondakta alisema, bila ukali.

"Nimejisikia."

"Vizuri. Siku usipojisikia ndipo nitakapoogopa." Akamgeukia fundi. "Atakuja. Asubuhi saa mbili anafika, ananipigia simu. Saa kumi na moja anaondoka, ananipigia simu. Dawa ifungiwe kabatini, na ufunguo asiushike hata kwa dakika moja, hata mkwewe azimie. Na siku yoyote nitakayotaka, atakojoa kwenye kikopo nitazame. Mmekubaliana?"

Fundi hakuwa amezoea kusikia habari za mkojo wa mkewe kutoka kwa mtu mwingine. "Tumekubaliana."

Nesi alimsindikiza mpaka getini. Alitaka kumwambia kwamba anaogopa, akaona nusu ya woga ule tayari umo usoni mwa mume wake. Akamwambia tu amshonee Chiriku, mtoto wao, kifungo cha sare ya shule kilichokuwa kinaning'inia siku alipomleta kumwona.

"Nilishashona," fundi alisema. "Ila fundo limebaki upande wa nje."

---

Mama mkwe alilazwa chumba cha mbele, penye mwanga, kitanda kimesogezwa ukutani na kabati dogo la mbao karibu na mto. Alikuwa mwanamke mrefu aliyewahi kuongoza jiko la shule ya bweni, watoto mia nne na wapishi sita, na hata akiwa chali alionekana kama anayekagua masufuria. Ufunguo wa kabati alikuwa ameutundika shingoni kwa uzi.

"Umekuja," alisema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkoba wako uache nje pale kwenye kiti, nauona. Ukitoka utaufungua."

"Sawa mama."

"Na mikono uoshe."

Nesi akaosha mikono. Halafu akafanya kazi aliyoijua. Alimwegesha mama upande, akamwekea mto katikati ya magoti ili nyonga isipinde, akamsugua mgongo kwa maji ya vuguvugu, akamfunga mshono upya bila kumng'oa hata unywele mmoja. Kwa miezi minane mikono yake ilikuwa imefua mashuka na kumenya viazi. Sasa ilikumbuka yenyewe, ikatangulia mbele ya akili. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshakaza meno akingoja maumivu, aliona yamechelewa, mwishowe hayakuja.

"Una mikono mizuri," alisema, kisha akajirudi. "Ndiyo maana walichelewa kukushuku."

Nesi alikunja taulo mara nne.

Saa nane Chiriku alirudi kutoka shule. Alikuwa na miaka tisa, na jina hilo alipewa na babu yake kwa vile alianza kusema kabla ya kuota meno ya kutosha. Lakini mbele ya mama yake siku hiyo alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, kimya.

"Utalala hapa?" aliuliza.

"Hapana. Narudi kule jioni. Kesho nakuja tena."

"Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa."

"Wakikukataza?"

"Hakuna anayenikataza. Ni mimi nimechagua kulala kule mpaka nipate nguvu."

Mtoto alitafakari jibu hilo. "Basi nisaidie hesabu. Shangazi ananifundisha kama ananigombeza."

Saa kumi na moja kamili Nesi alifungua mkoba wake mbele ya kitanda, akatoa vitu kimoja kimoja: kitana, leso, kitabu cha sala chenye jalada lililochanika, simu. Chiriku aliangalia. Mama mkwe akasema, "Na mifuko ya gauni." Nesi akaipindua mifuko ya gauni nje, mitupu kama masikio ya sungura. Alipofika barabarani alimpigia simu Kondakta.

"Umesimamaje?"

"Nimesimama."

"Umeiona?"

"Nimeiona kupitia upenyo wa mlango wa kabati. Ni chupa kubwa."

"Haya. Panda gari urudi nyumbani, tumekuwekea chakula."

---

Mambo yalikwenda hivyo siku kumi na moja. Mama mkwe alijimiminia dawa mwenyewe kwa kikombe kidogo cha kipimo, asubuhi na jioni, na Nesi alihakikisha kwamba saa hizo yuko jikoni. Huko jikoni alishika ukingo wa sinki akasema sala yake, ambayo haikuwa ndefu: Mungu, hii mimi siiwezi, ibebe wewe. Aliposikia kabati limefungwa ndipo alipowasha maji.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi. Wifi alikuja. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu hakuziacha shuleni. Alimsalimia mama yake, akaomba ufunguo ili apange kabati, akainua chupa akaitazama kwenye mwanga. Akasoma karatasi ya daktari. Akainua chupa tena.

"Kaka," aliita. "Hebu njoo."

Fundi aliingia, mikono ina mafuta. Nesi alikuwa anafunga bandeji.

"Hii chupa ni ya wiki nne," wifi alisema. "Leo ni siku ya kumi na sita tangu aruhusiwe. Kilichobaki ni cha siku tatu. Dawa ya siku tisa imekwenda wapi?"

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira.

"Mama, ufunguo anashika nani?"

"Ninao mimi," mama mkwe alisema, macho dirishani. "Lakini mimi hulala. Dawa yenyewe ya usingizi. Nikilala, sijui."

Maneno hayo yalitosha. Wifi aliweka chupa chini polepole. "Tulisema. Tulisema wote, kaka ukaziba masikio. Mtu aliyewaibia wagonjwa wa watu, atamwacha mama yako kwa sababu gani? Kwa sababu ya ukwe?"

"Sijaigusa," Nesi alisema.

"Ndivyo ulivyomwambia na matroni."

Ni kweli, ndivyo alivyomwambia matroni. Alikuwa amelia machozi ya kweli kabisa huku vichupa vimo mfukoni. Sasa alikuwa anasema kweli kwa sauti ileile, na yeye mwenyewe alisikia jinsi ilivyofanana na uongo. Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, na hakuinua macho. Hilo lilimchoma kuliko wifi na hesabu zake zote.

Chiriku alikuwa mlangoni. Amesikia kila kitu.

Nesi alimaliza kufunga bandeji. Akabandika plasta, akailainisha kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Baba Chiriku, nipeleke kwa Kondakta. Sasa hivi. Nikapimwe."

---

Walikwenda kwa pikipiki ya kazi, sanduku la vyuma likigongana katikati yao. Kondakta aliwapokea mlangoni, akasikiliza maneno sita ya kwanza tu.

"Wewe shemeji kaa pale kwenye benchi. Wewe twende."

Choo kiliachwa wazi kama kanuni ilivyotaka. Nesi alichuchumaa na kikopo mkononi, Kondakta amesimama mbele yake amemkazia macho, na kwa dakika kadhaa hakikutoka kitu.

"Siwezi," alisema. "Nina hasira mpaka nimekauka."

"Tutangoja. Mimi nimewahi kungoja abiria saa tano kwenye tope."

"Na kama kipimo kikikosea?"

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi kojoa. Mkojo hauna wifi."

Nesi alicheka bila kutaka, na kicheko kikafanya kazi ambayo glasi tatu za maji zisingefanya.

Kondakta alichovya kile kikaratasi mbele ya fundi, juu ya benchi, akaweka saa yake pembeni. Wote watatu wakakiangalia. Mstari wa kwanza ulijitokeza. Kisha wa pili, mwembamba, ukakolea.

"Miwili," Kondakta alisema. "Miwili ni safi. Huyu mwanamke hajagusa kitu. Na si leo tu. Dawa hiyo ingeonekana hata ya juzi."

Fundi alikitazama kile kikaratasi kama anavyotazama waya asiojua unakwenda wapi. Halafu akaweka uso kwenye mikono yake yenye mafuta, na alipouinua ulikuwa na michirizi myeusi.

"Nisamehe," alisema. "Nilitaka kusema kitu pale. Nilitafuta neno sikulipata."

"Nilikuona ukilitafuta," Nesi alisema. Hakumwambia yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Lakini alimpa leso yake.

"Basi nani? Chiriku? Mungu wangu, isije kuwa mtoto."

"Si mtoto. Niachie mpaka kesho, Baba Chiriku. Usimuulize mtu yeyote."

Fundi alipokwisha kuondoka, Kondakta alifunga mlango. "Unamjua."

"Nimejua tangu Jumatano, sikutaka kujua. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Anajikuna mikono. Choo hapati. Ukimwamsha anakutukana, nusu saa baadaye anakuita mwanangu. Mimi yule namjua, Kondakta. Mimi ndiye niliyekuwa yule."

"Na amekuacha usulubiwe."

"Ndiyo."

"Una kila haki ya kurudi pale kesho na hicho kikaratasi, ukawakusanya wote, ukamuumbua mbele ya mwanawe."

"Najua. Nimeshawaza hata nguo nitakayovaa."

Kondakta aliegemea mlango. "Ukimwanika, ataacha?"

Nesi alifikiria siku aliyoanikwa yeye, matroni na walinzi wawili na mlango wazi, na jinsi alivyotoka pale akaenda moja kwa moja kutafuta dawa nyingine. "Hataacha," alisema.

"Haya basi. Nenda kwenye mkeka wako. Uliza huko."

---

Jumapili asubuhi alimkuta mama mkwe macho, nywele hazijachanwa. Alifunga mlango wa chumba. Akavuta kiti karibu, akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

"Mama, nimepimwa. Sina kitu."

"Nimesikia. Mwanangu kaniambia."

"Kwa hiyo mimi najua na wewe unajua."

Mama mkwe aliinua kichwa. "Unasema nini wewe? Unanifananisha na wewe? Mimi? Mimi sijawahi kuonja hata bia! Nimeongoza jiko miaka ishirini na saba haikupotea hata chumvi! Toka. Toka kabla sijamwita mwanangu."

"Mwite, mama. Sitamwambia kitu."

Mkono wa mama ulikuwa tayari umeshika ufunguo shingoni. Ulibaki pale. Nje Chiriku alikuwa anamsimulia jirani kwa sauti kwamba mama yake amepimwa na amefaulu, yote mia kwa mia. Mama mkwe alisikiliza, na taratibu uso wake ukaanza kubomoka, kuanzia kidevuni.

"Mwanzoni yalikuwa maumivu kweli," alisema.

"Najua."

"Kipimo kimoja hakikufika mpaka asubuhi. Nikaongeza kidogo. Kijiko. Halafu maumivu yalipopungua nikaona... sijui nikuambieje. Tangu baba yenu afe, kitanda hiki kina upande wa baridi. Miaka sita. Nikinywa ile, upande ule siusikii."

"Mimi kwangu yalikuwa mashifti mawili mfululizo na mtoto aliyefia mikononi mwangu. Nikasema leo tu."

"Nilisema hivyohivyo. Leo tu." Alijifuta pua kwa shuka, mwanamke ambaye angemfukuza mpishi kwa kosa hilo. "Jana nilipoona binti yangu anakuelekea wewe, nilishukuru. Unasikia? Nilishukuru moyoni kwamba uko. Nimekuombea tangu uliposhikwa, usiku na mchana, utoke kwenye hayo mambo, halafu nikakutumia kama tambara."

Nesi alitaka kuwa amekwisha kusamehe. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na jiwe kifuani na lilibaki pale. Lakini aligundua kwamba anaweza kufanya la kufanya huku jiwe lipo.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," alisema. "Utamwambia mwenyewe. Atapunguza kidogo kidogo, si kwa kukata ghafla, utaumia. Utatoka jasho, utatutukana, hutalala. Nitakuwepo. Na mwanao utamwambia wewe, siku utakayoweza."

"Na binti yangu?"

"Hilo ni lako."

Mama mkwe alivua uzi shingoni, akamnyooshea ufunguo. "Chukua. Usiniachie."

Nesi alirudisha kiti nyuma haraka, miguu ya kiti ikalia sakafuni. "Mama, mimi siwezi kuushika!"

"Wewe si umepona?"

"Nimesimama tu. Kila siku ukifungua kabati mimi natetemeka jikoni."

Walitazamana, ufunguo ukibembea katikati yao, wanawake wawili wazima, na hakuna hata mmoja wa kukabidhiwa kabati. Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika nyonga kwa maumivu, akacheka tena. Fundi alifungua mlango kuona kuna nini, na kabla hajauliza ufunguo ukatua mkononi mwake.

"Kaa nao," mama yake alisema. "Na ukae chini. Nina neno."

---

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Daktari alishusha kipimo kila baada ya siku tatu, na kila kiliposhuka mama mkwe alipanda. Alirusha kikombe ukutani. Alimwita Nesi majina ambayo Chiriku alitumwa dukani ili asiyasikie. Mchana mmoja alilia kwa saa nzima kwa sababu pazia lilikuwa limekunjwa vibaya. Nesi alibadilisha mashuka yaliyolowa jasho, akamshika mikono ilipotetemeka, akampa maji kwa kijiko.

"Wewe hujachoka nami?"

"Nimechoka sana. Kunywa."

Mama alikuwa na sala zake ndefu, za kukariri, alizozisoma tangu ujanani kwa sauti ya kuamrisha. Siku ya kumi alikwama katikati, maneno yakamkataa. "Nyinyi kule huwa mnasema nini?" aliuliza. Nesi akamwambia. Mama akangoja mwendelezo.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Fupi kama risiti," mama alinung'unika. Lakini Nesi alipotoka na ndoo alimsikia nyuma yake akiisema, mara moja, kisha mara ya pili kwa sauti ya chini.

Mwisho wa wiki ya tano fundi alimwaga kilichobaki mbele ya daktari. Mama mkwe alianza kutembea kwa fremu ya chuma ya kujishikizia, kwanza mpaka mlangoni, halafu mpaka jikoni, ambako alionja supu na kusema ina uhai kidogo. Wifi hakuambiwa. Aliendelea kuja Jumamosi, kumsalimia Nesi kwa kidevu, na kuhesabu vijiko.

---

Mwaka ulipotimia, kamati ya nidhamu ya hospitali ilimwita Nesi aeleze kwa nini asifutwe kazi moja kwa moja. Walikaa watano nyuma ya meza ndefu, matroni mmoja wao, mwenyekiti akiwa daktari mzee mwenye miwani ya kamba. Fundi na Kondakta waliruhusiwa kukaa nyuma. Nesi alisimama peke yake.

Hawakumwonea. Walimuuliza yanayopaswa kuulizwa, na hakukwepa hata moja. Ndiyo, aliwapunja wagonjwa dawa. Ndiyo, waliumia kwa sababu yake. Aliwaandikia barua kumi na saba, wanne walimjibu, mmoja alimlaani na anamwelewa.

"Barua zako nzuri," mwenyekiti alisema. "Kituo kinakusifu. Vipimo safi. Lakini mle wodini kunafungwa milango. Tutajuaje utafanya nini siku utakapoachwa karibu na dawa, na hakuna anayekuona?"

Nesi alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, lingemwokoa, na halikuwa lake kulitoa. Akaufunga.

"Sina la kuwaonyesha," alisema.

Ndipo mlango uligongwa, ukafunguka bila kungoja. Fremu ilitangulia, ikafuatiwa na mama mkwe katika gauni lake la kwenda ibadani, na nyuma yake wifi akihema, anajaribu kumzuia kwa mkono wa gauni.

"Mama, hapa si mahali pa..."

"Nyamaza. Nimepanda ngazi kumi na tisa kuja kusema, nitasema." Aligonga fremu sakafuni. "Mwenyekiti, mimi ni mama mkwe wa huyu. Umeuliza swali, nimelisikia hapo koridoni. Jibu ninalo mimi."

Matroni alitaka kusema kitu. Mwenyekiti akamwashiria angoje.

"Nilipovunjika nyonga mlinipa dawa. Huyu alikuwa akinihudumia peke yake kutwa nzima. Dawa ikapungua. Akashtakiwa yeye; aliyemshtaki ni binti yangu huyu hapa, tena mbele ya mtoto wa kumzaa mwenyewe. Aliyeinywa ni mimi."

Wifi aliachia mkono wa gauni.

"Mimi," mama alirudia, ili pasiwe na wa kusema hakusikia. "Nilikuwa nalala chupa iko hapa, hatua mbili kutoka kwake, ufunguo shingoni kwangu, mimi nakoroma. Angeweza kunywa, angesema ni mimi. Hakugusa. Na alipojua, hakunianika. Alinifungia mlango akanitoa humo kama mtu anavyomtoa mwenzake shimoni, na mpaka leo hii amekaa kimya, hata mbele yenu, wakati neno moja tu lingemwokoa. Nina miaka sabini na mmoja. Nimeona aibu miezi minne. Leo nimechoka nayo."

Kondakta alikuwa analia waziwazi, hana hata habari ya leso. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tupeni nusu saa," alisema.

Walingoja koridoni kwenye viti vya plastiki. Wifi alikaa mbali kidogo, mkoba mapajani. Baada ya dakika kumi aliinuka, akaja akasimama mbele ya Nesi.

"Wifi, nilikosea hesabu," alisema. "Sijui nianzie wapi."

"Kaa," Nesi alisema, akasogea.

Walipoitwa, mwenyekiti alisoma karatasi bila kuinua kichwa. Nesi angerudi kazini mwezi ujao, katika kliniki ya chanjo za watoto. Asingeshika funguo za dawa kwa miaka miwili. Angepimwa kila wiki, siku asiyoijua. Matroni ndiye angemsimamia.

"Nimeomba mwenyewe," matroni alisema. Ndilo neno pekee alilolisema siku ile.

Nesi alisema asante. Alitaka kuongeza kitu, sauti ikakauka, na safari hii haikuwa kwa aibu. Kondakta alipiga mlango kwa kiganja mara mbili kama anayeruhusu basi kuondoka, mlinzi wa koridoni akamkazia macho, akapiga tena.

Nje fundi alikuwa ameshakimbia kumpigia Chiriku simu shuleni, na kelele za mtoto zilitoka kwenye spika mpaka watu wakageuka. Mama mkwe alisimama juu ya ngazi, amejiegemeza kwenye fremu, amepauka usoni.

"Nyonga inauma, mama?"

"Inauma sana."

"Nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu. Nipe bega lako hapa."

Wifi alichukua fremu. Nesi akajiweka upande wa nyonga mbovu, akampitisha mkono kiunoni, na mama mkwe akamwegemea kwa uzito wake wote, bila kujibana. Wakaanza kushuka, ngazi moja, wanapumzika, ngazi nyingine, watu wakiwapisha kushoto na kulia.